Kioo Hutazamwa Kitakoni

Shangazi yangu wa Tanga alinitumia picha kwa WhatsApp, saa ambayo kwake watu wazima wameshalala. Picha yenyewe ilikuwa nusu kidole, nusu kabati: bakuli zito la kioo, rangi ya asali, limejaa vifungo vya mashati, funguo za makufuli yaliyopotea zamani na risiti za luku. Chini yake ameandika: "Mwanangu, nasikia siku hizi huko unanunua vioo vikuukuu. Na hiki kina thamani?"

Habari hizo alizipata kwa mke wangu, ambaye huzitangaza kama mashitaka. Ni za kweli. Dirisha la jikoni kwetu hapa Leicester halifunguliwi tena, kwa sababu vioo vya miaka ya 50, 60 na 70 vimelikalia: mavasi, mabakuli, visahani vya majivu ya sigara ambavyo hakuna anayevitia majivu. Nilimjibu, "Shikamoo shangazi. Naomba uligeuze, unipigie picha kitako chake." Akajibu marahaba, ila kwanza avitafutie vifungo pa kuviweka. Nikajua hapo nina muda wa kutosha. Basi nanyi msubirini pamoja nami.

Ugonjwa huu niliupata Jumapili moja ya mvua. Huku Uingereza, majira ya baridi yakilegea, watu hujaza mabuti ya magari vitu wasivyovitaka, wakaenda kuegesha kwenye uwanja wa nyasi na kuviuza papo hapo. Ni mtumba, ila badala ya marobota ya nguo kuna vyombo, baiskeli za watoto na visanduku vya nyaya ambazo hakuna ajuaye ni za nini. Unaamka alfajiri, maana waliozoea hufika na tochi. Mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta ngazi.

Juu ya meza ya kukunja nikaona vasi dogo, urefu wa shubiri hivi, rangi ya kaa la moto. Ngozi yake ilikuwa ya gome la mti; si picha ya gome, gome lenyewe, na nyufa zake na vifundo vyake, ila la kioo. Nikalishika. Lilikuwa zito kuliko jicho lilivyokuwa limeniahidi. Mzee aliyekuwa akiuza alisema pauni 3, kisha akaniita bata. Ndivyo wanavyoitana watu wa sehemu hizi za katikati ya nchi, "bata wangu", na mgeni asiyejua anaweza kurudi nyumbani amenuna. Nikalipa. Ngazi sikuipata.

Ilinichukua majuma mawili kujua nimenunua nini. Ilikuwa kazi ya Geoffrey Baxter, mchoraji wa vyombo vya kioo aliyeingia kiwanda cha Whitefriars mwaka 1954, akitokea moja kwa moja chuo cha Royal College of Art. Kiwanda kilikuwa cha kale: kilianza London karne ya 17, James Powell akakinunua mwaka 1834, na mwaka 1923 kikahamia Wealdstone, pembezoni mwa jiji. Kilijulikana kwa vioo vya madirisha ya makanisa na bilauri za watu wenye nafasi zao. Baxter akaanza kutengeneza kalibu za majaribio kwa vitu vya ovyo: magome ya miti, vichwa vya misumari, nyaya, matofali. Kioo cha moto kilipopulizwa ndani ya kalibu kama hiyo kilinakili kila mkwaruzo. Mkusanyo huo uliingia madukani mwaka 1967, na kwa macho ya wateja waliozoea kioo laini kama maji, bila shaka ulionekana kama utani.

Utani wenyewe umepata majina. Lipo vasi wapenzi wa vioo waliloliita Banjo, kama ile ala ya muziki, kwa umbo lake la ngoma na shingo. Lipo la Drunken Bricklayer, yaani mwashi mlevi, kwa kuwa tofali la katikati limekaa upande kana kwamba aliyelijenga alitoka baa. Kiwanda hakikuyatumia majina hayo. Chenyewe kiliandika namba tu. Banjo ni 9681. Mwashi mlevi mkubwa ni 9672, mdogo wake ni 9673. Langu la gome ni 9689, dogo kuliko wenzake wawili, sentimita 15. Rangi za kwanza zilikuwa mdalasini, nili na kijivu cha mti wa willow. Ile ya kaa la moto, waliyoiita Tangerine, na buluu ya kijani waliyoipa jina la ndege mdiria, zikaja mwaka 1969. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980. Na hapa ndipo penye utamu wa jambo zima: mavasi hayo hayakuandikwa kitu. Yalibandikwa stika tu. Mama wa nyumbani akiliosha mara mbili, stika imekwenda na maji, na limebaki vasi lisilo na jina, tayari kuuzwa pauni 3 na mtu anayekuita bata.

Bahati hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilijiona nina jicho. Miezi michache baadaye, kwenye maonyesho ya vitu vya kale, nikanunua vasi refu jekundu kwa pauni 60. Lilikuwa na stika ya dhahabu imeandikwa Murano na liling'aa hadi ndani, safi kama limetoka tanurini jana. Nikalifikisha nyumbani, nikaliosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikalipangusa. Lilipokauka, tumbo lake lote likawa na ukungu, kama kioo cha bafuni mtu akioga maji ya moto. Nikaosha tena. Ukungu ule ule. Aliyeniuzia alikuwa amelipaka mafuta kwa ndani.

Maji ya maua yakikaa ndani ya kioo miaka na miaka huchota soda iliyomo, na uso wa kioo unabaki na vidonda vidogo visivyoonekana kimoja kimoja ila vyote kwa pamoja huleta ukungu. Watu wa biashara hii husema kioo kinaumwa. Chokaa ya maji huondoka kwa siki ya jikoni, loweka usiku kucha na asubuhi umepona. Ugonjwa hauondoki kwa siki, maana si uchafu, ni kioo chenyewe kilicholiwa. Mafuta huyajaza yale mashimo na mwanga ukapita vizuri, mpaka maji na sabuni vifike. Tangu siku hiyo nikishika vasi naingiza kidole, nasugua, kisha nanusa. Wauzaji hunitazama vibaya. Wanitazame.

Kuhusu stika: stika si hati ya nyumba. Huhamishwa kutoka kioo hadi kioo, na zinaweza kuchapwa upya. Murano ni visiwa vya karibu na Venice, Italia, ambako wapuliza vioo walihamishiwa mwaka 1291, na jina hilo lina nguvu kiasi kwamba kila kioo chenye rangi mbili sokoni kimebatizwa kwalo. Ipo alama rasmi, Vetro Artistico Murano, lakini iliwekwa na sheria ya mkoa wa Veneto mwaka 1994. Kwa vasi linalodaiwa kuwa la mwaka 1955, alama hiyo ingekuwa ushahidi dhidi ya muuzaji, si wa kumtetea.

Ndiyo maana nilimwambia shangazi ageuze. Juu ya kioo kuna uzuri, na uzuri huigwa. Chini ndiko kwenye historia ya namna kilivyotengenezwa, na wachache hupoteza muda kuighushi vizuri.

Kioo kinachopulizwa kwa mdomo na kumaliziwa kwa mkono kwa kawaida wakati fulani hushikwa kwa fimbo ya chuma chini, ili fundi aumalize mdomo wake. Fimbo ikigongwa itoke, huacha kovu. Fundi wa haraka huliacha kovu likwaruze, na likipewa nafasi litachora meza yako ya mninga. Fundi wa kiwanda chenye heshima huliponda na kulisugua mpaka linakuwa shimo laini, dole gumba linatulia ndani yake. Mavasi ya Baxter kitako chake kimesagwa na kung'arishwa bapa. Ukilitazama kwa ubavu, mara nyingi utaona pia rangi iko ndani na tabaka la kioo kisicho na rangi limeivika kwa nje, kama maji yaliyoganda juu ya moto.

Kioo cha kubanwa ni habari nyingine. Hapo hakuna pumzi ya mtu. Kioo cha moto hutiwa kwenye kalibu ya chuma na nguzo ya mashine hukikandamiza kutoka juu. Kinatoka na mishono, mistari myembamba pale vipande vya kalibu vilipokutana. Kipime kwa vidole viwili, kimoja nje kimoja ndani. Kwenye kioo chembamba kilichopulizwa, nje kukitokeza, ndani kunabonyea. Kwenye kilichobanwa, nje kunaweza kuwa na milima na mabonde, lakini ndani ni laini tu, maana ndani ni umbo la ile nguzo. Kipimo hiki hakihitaji taa wala kitabu. Nimekifanya gizani.

Halafu kuna uzee. Chombo kilichosimama kabatini miaka 50, kikisogezwa kila Ijumaa vumbi lifutwe, kina mikwaruzo midogo kwenye ule ukingo unaogusa meza, na mikwaruzo hiyo imekwenda kila upande, kama nyayo za kuku uani. Aliyetumia msasa kukizeesha ameacha mistari inayokwenda njia moja. Mwenye saini naye ana mtego wake. Per Lütken, mchoraji wa kiwanda cha Holmegaard, Denmark, kazi zake nyingi za miaka ya 50 zimechorwa kwa ncha ya almasi jina la kiwanda, herufi PL na mwaka wenyewe. Tapio Wirkkala wa Iittala, Finland, ana vyombo vyenye jina lake zima. Ukikuta saini, tazama mikwaruzo ya uzee imepita wapi. Kama imepita juu ya herufi, saini ni ya zamani kuliko mikwaruzo. Kama herufi ndizo zimekata mikwaruzo, kuna mtu kaandika juzi.

Wengi hupenda tochi ya kukagulia noti bandia, ile ya mwanga wa zambarau. Kioo chenye urani hung'aa kijani chini yake, na watoto hushangilia. Mafundi wa Bohemia, katika Chekia ya leo, walianza kutia urani kwenye vioo miaka ya 1830. Ninayo tochi, lakini sikushauri uanze nayo. Itakuambia mna urani. Haitakuambia nani kakitengeneza wala lini, maana vipo vya karne ya 19 na vipo vya juzi.

Kama ningekuwa na pauni 50 tu na kabati moja, nisingeenda Murano wala Denmark. Ningenunua vioo vya Chekoslovakia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya huko vilitaifishwa, na mwaka 1965 vile vya kioo cha kubanwa vikawekwa chini ya shirika moja, Sklo Union: Rosice, Libochovice, Heřmanova Huť, Rudolfova Huť na wengine. Kuuza nje kulishikwa na shirika la serikali, Skloexport. Vyombo vilitoka kwa maelfu, bei chee, vikiwa na stika ya karatasi tu, na jina la mchoraji halikusafiri navyo. Wachoraji walikuwa wasanii waliosomea kazi: Adolf Matura, Rudolf Jurnikl, Vladislav Urban, František Vízner. Waliacha mapambo ya maua na zabibu, wakachora duara, vitone, mistari, vitu ambavyo kalibu ya chuma inavimudu na mwanga unavipenda. Huyo Vízner baadaye alifanya mabakuli mazito ya kuchongwa na kusagwa kwa mkono, mnunuzi wake akiwa makumbusho. Kazi zake zipo Corning Museum of Glass, jimbo la New York. Na bado mkono huo huo ulichora mavasi ya kubanwa yaliyouzwa kama vyombo vya kawaida. Napata raha isiyo na kifani kukuta moja chini ya meza, limetiwa brashi za rangi.

Sidharau vya Murano, msinielewe vibaya. Lile vasi la kiwanda cha Venini lenye umbo la leso iliyodondoka, Fazzoletto, kazi ya Fulvio Bianconi na Paolo Venini mwishoni mwa miaka ya 40, ukiliona lazima usimame. Lakini kiwanda cha Chance Brothers wa Smethwick, mwendo wa saa moja na ushei kutoka kwangu, nao waliuza leso zao kwa bei ya mtu wa kawaida, kwa kulegeza kipande cha kioo bapa kwenye joto hadi kikajikunja. Ile ya Chance ni nyembamba, unene wake ni mmoja kote kama kioo cha dirisha, na mapambo yake mara nyingi yamechapwa juu. Ni zuri. Ila muuzaji akikuambia ni Venini, mwombe akae chini anywe maji.

Tuje kwenye bei, ambako ndugu na marafiki huanzia.

Sisi watu wa pwani tulipaswa kuwa wa mwisho kushangazwa na bei ya kioo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji karne ya 19 ilibeba vioo: ushanga, mwingi wa Venice. Richard Burton, msafiri wa Kiingereza aliyepita njia hiyo mwaka 1857 na 1858, aliandika kwamba ushanga mwekundu wa samesame ulipewa jina la utani la kivunja-mji, kwa jinsi wanawake walivyoutaka. Lakini kila nchi ilikuwa na ushanga wake, na fasheni iligeuka. Mwenye msafara aliyefika na rangi iliyokwisha kupitwa alikuwa na mizigo ya wapagazi isiyomnunulia hata muhogo. Kioo ni kile kile, Venice ni ile ile. Kilichobadilika ni shingo za watu.

Naliona jambo hilo kila mwezi. Kristali nzito ya kukatwa, yenye madini ya risasi ndani, ile ukiigonga kwa ukucha inalia kama kengele ya shule, ilikuwa fahari ya harusi za Waingereza. Sasa naikuta kwenye maduka ya hisani kwa pauni 4 seti nzima, kwa kuwa watoto hawataki chombo kisichoingia mashine ya kuoshea. Kazi iliyotiwa mle ni kubwa kuliko ya vasi langu la gome. Soko halilipi kazi. Vasi la pili la gome nililopata, rangi ya mdalasini, nililiuza pauni 34 baada ya kulisubirisha miezi minne. La Tangerine la ukubwa huo huo wangelinyakua kwa wiki. Mwashi mlevi mkubwa huuzwa kwa mamia ya pauni, Banjo limeshavuka elfu moja, na zile rangi zilizotengenezwa kwa muda mfupi, kijani cha Meadow Green na zambarau ya Aubergine, hupanda juu zaidi. Ndiyo maana pia kuna Banjo bandia. Beba rula. Namba 9681 inajulikana urefu wake, na anayeiga kwa kuchukua kalibu kutoka kwenye vasi halisi mara nyingi hutoa kitu kisichofika kipimo.

Rula hiyo hiyo hukamata wakata midomo. Vasi likimeguka ukingo, wapo mafundi wanaolisaga mdomo mpaka pengo linaisha. Linakuwa zima, ila fupi. Mdomo uliosagwa unakuwa bapa na una makali kidogo, ilhali ulioyeyushwa na moto una mviringo kama ufizi. Kitu cha sentimita 15 kilichobaki 14 na kidogo kimepoteza bei yake nyingi, hata kama macho hayaoni.

Na bei inayotajwa mtandaoni si bei. Mtu yeyote anaweza kuandika pauni 400 na kukaa nayo miaka mitatu. Tafuta vilivyokwisha kuuzwa, tovuti nyingi za mnada zinakuruhusu kuchuja hivyo, na uchukue vitano au sita, uache wa juu kabisa na wa chini kabisa. Kwenye nyumba za mnada kumbuka kwamba nyundo ikigongwa, mnunuzi anaongezewa ada, mara nyingi robo ya bei au karibu yake, na muuzaji naye anakatwa yake. Lile langu la pauni 34, baada ya tovuti, boksi, na viputo vya plastiki vya kufungashia, liliniachia 21. Mke wangu aliniomba nihesabu pia petroli. Nikabadilisha mazungumzo.

Shangazi alirudi siku ya tatu na picha nne, zote safi kabisa. Bakuli lilikuwa zawadi ya harusi yake ya mwaka 1974, kutoka duka la Mhindi mmoja Ngamiani. Nje limejaa vitone vya duara, ndani laini kama sahani. Mishono mitatu. Moyo ukaanza kunienda mbio. Kitako kimekwaruzika kila upande, miaka yote ile ya funguo na vifungo. Nikampigia hapo hapo.

"Shangazi, chini hapo hapakuwa na kikaratasi chochote? Cha zamani?"

"Kilikuwepo. Cha fedha fedha."

"Kiko wapi?"

"Si ulisema nipige picha kitako? Nimekikwangua kwa kisu, pakawa pachafu, nikasugua na mchanga. Umeona panavyong'aa?"

"Na kilikuwa kimeandikwa nini?"

"Aa, mwanangu. Mimi sikuvaa miwani."